Kukamua alizeti Singida: mashine ni nzuri, lakini fundi aambiwe mbegu ni ya aina gani

Kiwanda hiki kidogo cha pembezoni mwa mji wa Singida hukamua alizeti za wakulima kwa malipo ya kilo, na mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, hubaki kuwa mali ya mwenye mbegu. Mzigo wa kila mteja hukamuliwa peke yake, jambo ninalolithamini kuliko hata bei.

Nilipeleka mbegu za Record, aina ya alizeti isiyo chotara, na chotara aina ya Hysun 33, na tofauti ilionekana mapema. Record ina ganda nene lisilo na mafuta ya maana, ambalo tena hunyonya sehemu ya mafuta ya kiini na kuondoka nayo kwenye mashudu, ilhali chotara ina ganda jembamba na kiini kilichojaa. Hata hivyo, lawama zote zisiwekwe kwenye aina ya mbegu, kwa kuwa Record ile ilitoka shamba ambalo mvua ilikatika maua yalipoanza kuinama, yaani katika kipindi hasa ambacho mmea hujaza mafuta kwenye mbegu. Joto la kipindi hicho nalo lina kazi yake: likizidi, asidi ya oleiki huongezeka na ya linoleiki, ambayo huharibika upesi zaidi, hupungua, kwa hiyo mafuta hukawia kuchacha.

Fundi anaijua kazi yake upande wa unyevu. Huchota mbegu kiganjani, huvunja moja kwa ukucha na kusikiliza mlio. Isipolia, mwenye mbegu huambiwa akaanike tena. Hilo ni sahihi, kwa sababu mbegu yenye unyevu hugeuka rojo, huteleza ndani ya mashine na kutoa mafuta yenye machicha mengi.

Kasoro yake ni kwamba haulizi mbegu ni ya aina gani. Alipoanza Record kwa mkazo uleule wa chotara, mashudu yalitoka manene, nami nilipoyafinya yaliniachia mafuta vidoleni. Nilimwomba akaze koni, yaani kipande kinachobana njia ya kutokea mashudu, akakubali bila kinyongo, na mashudu yakatoka membamba na makavu zaidi, ingawa mashine ya namna hii haiwezi kumaliza mafuta yote.

Uchujaji pia una haraka mno. Mafuta niliyokabidhiwa yalikuwa bado na ukungu, nikalazimika kuyaacha yatuame kabla ya kuyamimina kwenye madumu. Kwa chotara ningerudi bila wasiwasi. Kwa Record, mteja asimame karibu na koni tangu mwanzo.