HD 6XX, Sundara ao DT 990 Pro: kaske gani ya wazi inapiga rumba vile inafaa?

Jambo yenu bandugu! Bayaya, badogo, bamama benye mulianza kutufuata juu ya ile video ya redio za zamani, karibuni wote. Leo sizunguke mingi, kurenti iko, kaske tatu, zile hedifoni za ku masikio, ziko mu meza, tuingie mbele haijakatika. Hii ya kwanza ni Sennheiser HD 6XX, ya katikati ni HIFIMAN Sundara, na ile yenye kable ya kujikunjakunja ni Beyerdynamic DT 990 Pro, ya ohm 250, njo upinzani wake kwa umeme. Zote ni za wazi, zote ni za bei ya kati. Sanduku, rangi, mufuko, vile vyote muko navyo ku intaneti, sitapoteza mega zenu. Miye leo niko na ulizo moja tu: ukiweka rumba mu hii kaske, gitare ya mi-solo, ile ya katikati yenye inarudia mustari wake mufupi, unaisikia ao hauisikii?

Na niseme wazi, niko na hasira kidogo hapa. Kila shene unafungua, wanapima kaske na piano, ao na mwimbaji moja wa sauti laini na gitare moja nyuma yake, kisha wanaanza upana, upana, sauti inatoka mbali, sauti inazunguka kichwa. Sawa. Lakini siye tunasikiliza nini? Magitare tatu, saa ingine ine, tumba, besi, trompeti, saksofone, na vwa za watu watatu wanaimba pamoja mustari moja. Ile kazi ni ingine kabisa! Kaske inaweza kuwa tamu sana kwa piano kisha ikakuharibia OK Jazz, okestra ya Franco, yote. Na rumba si kitu kidogo, UNESCO iliiandika mu urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mu mwaka 2021, basi tuipime na heshima yake.

Kwa wale wapya, haraka haraka. Kaske ya wazi, mugongo wake haikufungwa. Naisogeza ku kamera, angalieni karibu, munaona huu wavu wa chuma? Nyuma yake hakuna ukuta, ni spika yenyewe. Hewa inapita, sauti ya nyuma inatoka inje, haigongi plastiki na kurudi ku sikio. Sasa sikilizeni. Mikro naiweka hapa pembeni ya muto wa sikio, miziki inapiga... nafunika mugongo na kiganja... munasikia? Mara moja inakuwa kama mutu anaimba ndani ya ndoo. Natoa mukono, inafunguka. Nafunika tena. Natoa. Ile tofauti njo unalipia.

Ila na hasara yake muliisikia palepale, mikro imeshika kila kitu. Kama mu parseli muko watu mingi na mulango wa vwazini iko karibu na wako, usiku atasikiliza nawe hadi mwisho, na jenereta yake itaingia mu sikio yako vilevile. Mu taksi usijaribu hata. Hii ni kaske ya kukaa nayo mu chumba, umetulia.

Kitu ingine mbele ya kuanza, na hapa munisikilize muzuri juu njo watu wengi wanadanganyika. Kaske yenye inapiga nguvu kidogo kuliko mwenzake, sikio itakuambia hii ni muzuri zaidi, hata kama tofauti ni desibeli moja ao mbili tu. Kwa hiyo volimi nimezisawazisha zote tatu na mikro, ampli ileile, fayili ileile. Mutu akikuambia amelinganisha kaske na hakugusa hiyo, alikuwa analinganisha volimi.

Tuanze na DT 990 juu njo inanikasirisha. Kuivaa ni raha, hii mito ya velur sijaona ingine mu bei hii yenye inalala ku masikio namna hii, unaweza kusahau kama umevaa kitu. Besi iko, tena iko mingi. Lakini sauti za juu! Pale karibu na hertz 8000, mitetemo 8000 kwa sekunde, kuna mulima. Narudisha huu mwanzo wa wimbo, sikilizeni maracas... tsa tsa tsa tsa, iko mbele ya kila mutu, mbele ya mwimbaji mwenyewe! Mwimbaji akitamka "s" inakuchoma. Gitare ya solo inang'aa, sawa, watu wengine watapenda, lakini ile ya mi-solo yenye iko inamujibu solo pale katikati, iko wapi? Besi imeivuta kwa chini, maracas imeifunika kwa juu. Unajua iko tu juu wimbo unaufahamu tangu utoto.

Dawa iko. Kama unatumia Android, programu ya Wavelet iko na kipimo cha hii kaske ndani, unachagua jina, inapunguza ule mulima yenyewe, na kweli sauti inatulia sana. Na nisiwe mubaya kwake: kwa mutu wa montaji, mwenye anatafuta kelele ndogo mu sauti yake, ile ukali inamusaidia, studio nyingi ziko nayo. Lakini miye nimekaa jioni nasikiliza Franco, sitafuti kelele. Niko nataka kupumzika.

Sasa HD 6XX. Hapa mukae muzuri.

Hii ni mutoto wa ukoo wa zamani. HD 600 ilitoka mu 1997, HD 650 mu 2003, na 6XX ni ile HD 650, rangi ya buluu nzito na kable fupi zaidi, Drop wa Marekani walianza kuiuza mu 2016. Ya siku mingi, ndiyo. Sauti haizeeki.

Naanza na kitu cha kwetu huku Katanga. Mwenda wa Bayeke, Jean-Bosco, vile Hugh Tracey, mutafiti wa miziki ya Afrika, alimurekodi mu 1952 kule Jadotville, njo Likasi ya leo. Mutu moja, gitare moja, na rekodi ni mono. Mono! Sikio ya kushoto na ya kulia zinapata kitu kimoja. Sasa niambieni, ule upana wenye wanaimba kila siku utafanya nini pale? Hakuna kushoto, hakuna kulia. Kinachobaki ni kama kaske inasema ukweli mu sauti za katikati. Mu 6XX, kidole gumba kinatembea chini ku nyuzi nzito, kile kingine kinaimba juu, na unawasikia kama wapigaji wawili, na pale anaachilia uzi unasikia ngozi ya kidole imetoka. Nikiweka ileile mu DT 990, nasikia kwanza kelele ya sahani, shhhh, kisha nyuma njo Mwenda.

Tupande ku okestra. Kwa benye hamujui magitare ya rumba vile yanagawana kazi: akompanyima anashika mwendo chini, solo anakimbia juu, na mi-solo anazunguka katikati yao, anarudia ile mustari yake mufupi yenye inafanya kiuno kianze chenyewe. Sasa fikirini. Uzi muzito wa gitare, noti ya mi ya chini, ni hertz 82. Uzi mwembamba ukiwa wazi ni 330. Na vwa za wanaume ziko palepale! Wote wamejaa mu chumba kimoja, na kaske yenye iko na shimo ao mulima mu kile chumba, itamutoa mutu moja inje, na mwenye anatoka kila mara ni mi-solo.

Navaa 6XX. Angalieni mukono wangu, nitainua kidole kila gitare ikiingia. Akompanyima... huyu. Besi... solo ameingia, huyu... na sasa, sasa, mi-solo, pale pale, upande wa kulia kidogo, munaona sikutafuta? Amekuja mwenyewe. Waimbaji wanaingia wote watatu, na bado yuko. Naweza kumufuata wimbo wote hadi ku sebeni, ile sehemu ya kucheza ya magitare, na mu sebeni pale solo anapandisha moto, mi-solo habadilishi kitu, anashikilia, na njo yeye anafanya unataka kusimama. Trompeti zinaingia, zina mwili, hazikati sikio. Vile nasema hivi nimesikia baridi ku mikono, kweli. Turudie hii sehemu tena, pole, ni lazima... sawa.

Ubaya wake, iko. Ikiwa mupya inabana kichwa, unaiachia siku kadhaa juu ya vitabu. Upana ni mudogo, okestra iko karibu na uso. Na besi ya chini kabisa haifiki. Noti ya mi ya chini ya gitare ya besi ni hertz 41, na pale 6XX imekwisha kupunguza, unasikia noti lakini uzito wake hausikii ku kifua.

Na pale njo Sundara inaingia. Ndani yake hakuna spika ya mviringo na koili, ni ngozi nyembamba sana yenye njia za umeme juu yake, imekaa kati ya sumaku, inasukumwa yote pamoja. Besi inashuka bila kuchoka. Nimeweka amapiano, juu vijana wa nyumba hawangenisamehe, na ile log drum, besi yake ya kugonga... aaah! Hapa 6XX ikae pembeni. Na besi ya rumba yenyewe unaielewa upya, unasikia vidole vinasukuma wimbo wote. Sauti zinatoka pembeni zaidi, kila ala iko na nafasi yake. Kuna saa hapa nilianza kujiuliza kama ushindi nimpe huyu.

Kisha mwimbaji anaingia, na amerudi nyuma. Si mbali, hatua moja, lakini amerudi. Pale hertz 1000 kwenda 2000 Sundara iko na bonde kidogo, na mi-solo inasikika, ndiyo, inasikika safi hata, lakini imekonda, mwili wake umebaki mahali. Kwa ndombolo ya leo, kwa hip-hop, kwa amapiano, chukua Sundara bila kuuliza mutu. Kwa rumba ya 1970 na 1980, na kwa kwaya ya kanisa, ambayo hatukuipima leo lakini nilisikiliza sana, 6XX.

Na tafazali musitie hizi kaske ku telefone kavu. 6XX ni ohm 300, inataka volti. Sundara ni ohm 37, hiyo inataka kurenti ya kutosha, na iko nzito kuamusha. Ile adapta ndogo ya Apple ya USB-C inaweza kusaidia 6XX kama hausikilizi nguvu, lakini muangalie, ile ya Marekani inatoa karibu volti moja, ya Ulaya inatoa nusu yake. Sura ni moja! Na rekodi za zamani ziko chini sana volimi, utapandisha hadi mwisho na bado utataka. Tafuta ampli ndogo ya meza, bei inapatikana. Na fayili pia: wimbo wenye mutu alitoa ku kaseti akaweka ku intaneti, hakuna kaske itaufufua.

Bei. 6XX kule Marekani inazunguka dola 200, lakini hapa Lushi, Lubumbashi yetu, hauongei dola 200, kuna usafiri, kuna duane, kuna mutu wa kukubebea. Njia ya muzuri ni kupata ndugu mwenye anarudi, aweke mu valizi. Sundara ilipotoka mu 2018 ilikuwa dola 499, tangu pale imeshuka sana, kwa hiyo mutu asikuuzie bei ya 2018. Kama mufuko ni mudogo, HE400se ya kampuni ileile iko na roho ya Sundara kwa bei ya chini. HD 560S ya Sennheiser nayo si mubaya, ohm 120, rahisi kupiga, lakini kwa masikio yangu mi-solo yake inakauka.

Kitu kimoja cha kufikiria huku kwetu: 6XX unaifungua na mikono, kable, mito, sponji ya kichwa, vyote vinatoka na unaagiza vingine. DT 990 Pro hii, kable imeingia moja kwa moja ndani, ikikatika unatafuta fundi wa kulehemu. Kule Katuba, komini ya hapa Lushi, wako wazuri sana, lakini ni safari.

Habari za shene: mutu wa Kolwezi ameniazima Audio-Technica ATH-R70x, ile ya ohm 470, nyepesi unaweza kusahau iko ku kichwa, na njo video inayofuata. Kwa hiyo mu komanteri musiniandikie "besi ngapi". Niandikieni wimbo wenye mi-solo yake inakusumbua, yenye haujawahi kuifuata hadi mwisho, na mutaje dakika. Ile nitaanza nayo. Mujichunge, bakieni muzuri.