Nyani, nguruwe na farasi anayeongea: uzoefu wangu na juzuu nne za safari ya kwenda Magharibi

Hadithi hii nimeisoma mara mbili, na mara ya kwanza nilipunjwa. Nilianza na Monkey, tafsiri ya Arthur Waley ya mwaka 1942, kitabu kimoja nilichokiokota kwenye meza ya vitabu vya mitumba. Nilikimaliza ndani ya wiki, nikacheka peke yangu kwenye daladala mpaka abiria wa pembeni akasogea, nikadhani habari ya Sun Wukong, yule nyani, nimeimaliza. Kumbe kitabu chenyewe cha Kichina kina sura 100, na Waley alichukua 30 tu. Hilo nimekuja kulijua miaka mingi baadaye, nilipoanza kununua The Journey to the West ya Anthony C. Yu, juzuu nne, toleo lililosahihishwa la 2012 kutoka University of Chicago Press. Nilikuwa nanunua juzuu mojamoja, mshahara ukiingia. Hizo juzuu nne ndizo ninazozizungumzia hapa.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, nyani huyu tunamfahamu. (Wajuzi watasema ni kima. Mtaani kwetu wote tulimwita nyani, basi abaki nyani.) Nilijua ana fimbo ya chuma inayorefuka na kufupika, nilijua anapanda wingu, nilijua hapigiki. Nilichokuwa sijui ni kwamba anakwenda wapi, na kwa nini yuko na nguruwe.

Anakwenda India kuchukua vitabu vya dini. Safari yenyewe ilikuwepo kweli: mtawa Xuanzang alitoka China katika karne ya 7, akasoma kwenye chuo cha watawa cha Nalanda huko India, akarudi Chang'an, mji mkuu wa China wa wakati huo, mwaka 645 na vitabu 657 vya Kibudha. Halafu watambaji wakaichukua safari hiyo, wakaijaza mazimwi, wakaipokezana kwa karne nyingi. Kitabu cha sura 100 kilipochapwa Nanjing mwaka 1592, mtawa aliyevuka jangwa alikuwa amegeuka mtu wa kulialia, mwoga wa kila kichaka, anayeanguka kutoka kwenye farasi akisikia upepo. Kazi zote wanafanya wanafunzi wake. Mwandishi hakuweka jina. Wengi humtaja Wu Cheng'en, na wataalamu hawajaacha kubishana.

Na hao wanafunzi, jamani. Hakuna hata mmoja aliyekuja kwa hiari. Wote ni wafungwa wa mbinguni.

Nyani alipewa kazi ya kutunza farasi wa Mbinguni. Alipogundua kuwa hicho ni cheo cha mwisho kabisa, akasusa, akajiita Mtakatifu Mkuu Aliye Sawa na Mbingu, akala mapichi ya kuishi milele, akapiga majeshi yaliyotumwa kumkamata. Mwishowe Budha alimwekea dau: aruke atoke kwenye kiganja chake. Akaruka mpaka mwisho wa dunia, akaona nguzo tano, akaandika jina lake kwenye ile ya katikati na kukojoa chini ya nyingine, kumbe ni vidole. Miaka 500 alikaa chini ya mlima, kichwa nje, akilishwa vidonge vya chuma na kunyweshwa shaba iliyoyeyushwa. Nguruwe, Zhu Bajie, alikuwa jemadari wa majini. Alilewa karamuni, akamsumbua bibi wa mwezini, akachapwa marungu 2,000, akatupwa duniani. Huko akakosea tumbo la kuzaliwa, akaingia kwenye la nguruwe jike. Sha Wujing ndiye anayenisikitisha. Kosa lake lilikuwa kuvunja kikombe. Kikombe kimoja! Viboko 800, akafukuzwa, na kila baada ya siku saba upanga unakuja ukiruka kumchoma ubavuni. Farasi naye si farasi. Ni mwana wa Mfalme wa Majoka wa Bahari ya Magharibi, aliyechoma lulu za ikulu ya baba yake na kushtakiwa na baba huyohuyo.

Mpaka hapa Waley pia anakufikisha. Tofauti inaanza baadaye, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote: kile kifupi kinakupa nyani, hiki kirefu kinakupa wenzake.

Chukua sura ya 27 hadi 31, ambazo kwenye ufupisho hazimo. Zimwi la mifupa linawajia mara tatu, kwanza kama binti, kisha kama mama yake, kisha kama baba. Nyani peke yake ndiye anayeona, anapiga mara tatu. Mtawa anaona maiti za watu wasio na hatia. Nguruwe, badala ya kunyamaza, anamchochea mwalimu: huyu anakuchezea kiini macho ili usimsomee ile dua ya utepe. Utepe ni ule wa kichwani mwa nyani, ambao mtawa akiusomea unambana mpaka anagaagaa chini. Anausoma. Kisha anamfukuza kwa maandishi. Nyani anataka kuaga kwa kupiga magoti, mtawa anamgeuzia kisogo. Basi nyani anajigawa wanne, anamzunguka pande zote ili kila atakakogeukia akute anasujudiwa. Nilifunga kitabu hapo. Nilikuwa kituoni na sikutaka watu wanione.

Baadaye mambo yanaharibika kama ilivyotarajiwa. Zimwi jingine linamgeuza mtawa chui milia, anafungiwa bandani, Sha amekamatwa, nguruwe amekimbia vita na kwenda kulala majanini. Kila mtu mjini anasema yule mtawa mgeni kumbe alikuwa mnyama. Farasi yuko zizini, amefungwa kamba, anasikia. Kwa sura kadhaa amebeba mtu kimyakimya na msomaji umeshamsahau. Usiku anakata kamba, anageuka joka, anakwenda kupigana na zimwi peke yake, anapigwa mguu wa nyuma, anarudi zizini amelowa chapachapa. Nguruwe anaamka, anafika, anaona jeraha, na farasi anamwita, "Kaka."

Nguruwe anaanguka chini kwa woga. Akijikusanya, ushauri wake ni kwamba wagawane njia: wewe rudi baharini kwenu, mimi nabeba mizigo naenda kwa wakwe zangu. Farasi anang'ata joho lake kwa meno, machozi yanamtiririka, hamwachii. Anamwambia akamlete nyani, na anamfundisha la kusema: usimwambie mwalimu yuko taabuni, mwambie amekukumbuka.

Nilimsimulia mpwa wangu kipande hicho, ana miaka kumi. Akauliza, "Mjomba, kama alikuwa anajua kuongea, mbona siku zote alikaa kimya?" Nikamwambia labda hakuna aliyemuuliza kitu. Hakuridhika, na mimi pia sijaridhika.

Anafungua mdomo tena sura ya 69, na safari hii ni vichekesho. Nyani amejifanya tabibu wa mfalme, dawa yake ina masizi ya sufuria, na kinachohitajika kuzikandia tembe ni mkojo wa farasi. Farasi anakataa katakata. Yeye ni joka: akikojoa mtoni samaki watakaokunywa watageuka majoka, sembuse kuumwaga hovyo mahali kama hapa! Baada ya kubembelezwa anajikamua, anatoa matone machache, nguruwe anakinga bakuli huku analalamika. Mfalme anapona.

Sasa kasoro, maana zipo. Katikati ya safari pana mazimwi mengi mno yanayofanana tabia. Zimwi linamteka mtawa, linasema tumpike kwa mvuke, linaahirisha mlo, nyani anashindwa, anapanda mbinguni kuomba msaada, anaambiwa zimwi ni mnyama wa kufugwa wa mkubwa fulani aliyetoroka. Mara ya kwanza unacheka. Mara ya nne unacheka zaidi, kwa sababu unaanza kuelewa mwandishi anamsema nani. Mara ya saba unaruka kurasa, na mimi niliruka. Mashairi nayo ni mamia. Waley aliyapunguza sana, Yu hakuacha hata moja, pamoja na yale yanayoorodhesha mboga za karamuni. Tanbihi ziko mwishoni mwa juzuu, kwa hiyo unasoma vidole viwili vikiwa vimechomekwa ndani ya kitabu. Utangulizi wa juzuu ya kwanza unakaribia kurasa mia. Uache mpaka umalize hadithi. Una mambo mazuri, lakini ukianza nao hutafika kwa nyani.

Kiingereza chake si cha kuteleza kama cha Waley, ni cha profesa. Ukishazoea kinakuwa na utamu wake, hasa nguruwe akigomba.

Na huduma? Juzuu ya kwanza na ya pili zilikuja salama. Ya tatu niliagiza kwa muuzaji mmoja mtandaoni, simtaji, nikalipa yote. Bahasha ikafika, nikaichana palepale kaunta ya kupokelea mizigo, ndani kulikuwa na juzuu ya pili. Nyingine tena. Nikapiga simu. "Subiri kidogo kaka, tunafuatilia." Walifuatilia wiki saba. Walichokuwa hawajui ni mahali waliponiacha. Sura ya 50, ya mwisho katika juzuu ya pili, inamalizikia zimwi likirusha pete angani na kumpokonya nyani fimbo yake. Ile fimbo! Ya ratili 13,500, aliyoitoa kwa Mfalme wa Majoka wa Bahari ya Mashariki. Anatoroka mikono mitupu, na kitabu kinakuambia kama hujui yatakayotokea, sikiliza sura inayofuata. Kila sura inaishia hivyo, kama bibi anayekatiza hadithi ili mkalale. Wiki saba nzima nyani alikuwa hana fimbo.

Juzuu ya tatu ilipokuja nilisoma mpaka saa nane usiku. Zimwi lenyewe kumbe ni ng'ombe wa Laozi, mzee mtakatifu wa Kidao huko mbinguni, aliyetoroka mchungaji wake akiwa amelala. Juzuu hiyohiyo ndiyo yenye nchi ya wanawake peke yao, ambako mtawa na nguruwe wanakunywa maji ya mto na kushika mimba. Nguruwe anauliza mtoto atatokea wapi. Maswali yote mazuri ya kitabu hiki yanaulizwa na nguruwe.

Juzuu ya nne nilitarajia utukufu. Miaka kumi na nne ya njia, wamefika mbele ya Budha, wanapelekwa stoo kukabidhiwa vitabu. Wasimamizi wawili, Ananda na Kasyapa, wanawauliza wamekuja na zawadi gani. Hawana. Basi wanapewa vitabu vitupu, kurasa nyeupe, na wanagundua wakiwa njiani. Nyani anarudi kushitaki akiwaka moto. Budha anacheka! Anasema zamani watawa walikwenda kusoma vitabu hivi kwenye nyumba ya tajiri mmoja, wakarudi na vibaba vichache vya dhahabu, na aliwaambia wameuza rahisi mno. Anaongeza kwamba hata vile vitupu ni vitabu vya kweli, ila nyinyi wa Mashariki hamvielewi. Mwishowe mtawa anatoa bakuli la dhahabu alilopewa na mfalme wake, na mizigo inatoka. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia faili lake dirishani atasoma sura ya 98 kama habari ya jana.

Bado. Hesabu ya mateso inatakiwa itimie 81, nao wana 80. Wanaporudi wanavushwa mto na kobe mzee mweupe, yuleyule aliyewavusha wakati wa kwenda na kuomba jambo moja tu: wakifika wamuulizie Budha atapata lini umbo la mtu. Akiwa katikati ya maji anauliza, vipi, mliniulizia? Mtawa hana jibu. Amesahau. Kobe anazama, anawaacha hapohapo na vitabu vyao. Wanavianika juu ya majabali, na kurasa za mwisho za kimoja zinagandia jiwe na kuchanika.

Ukiwa na hela ya juzuu moja, nunua ya pili. Anzia sura ya 27, ulichokosa nyuma nimekueleza hapo juu. Kwa mtoto, msimulie mwenyewe. Herufi ni ndogo na Kiingereza kizito. Ukitaka wiki moja ya kucheka bila kujifunga, Waley anatosha na wala sikucheki.

Ile nakala ya ziada ya juzuu ya pili muuzaji hakuitaka tena, alisema kuirudisha ni gharama. Nimempa mpwa wangu aje kuisoma akikua. Ameweka kipande cha gazeti sura ya 30.