Boti za Bendera za Bangkok: Ipi Upande, Ipi Uiache Ipite

Ukishuka treni ya juu ya BTS kituo cha Saphan Taksin, ukatokea mlango namba 2, unakutana na gati la Sathorn na mtu mwenye kipaza sauti anayenadi boti ya watalii. Tiketi yake si ya ulaghai. Ila wengi huinunua kwa kutojua kwamba boti nyingine inayopita njia ileile, magati yaleyale makubwa, inatia gati hapohapo kwa nauli ya baht 16 (baht ni fedha ya Thailand).

Hiyo nyingine ni Chao Phraya Express, daladala ya majini ya mto Chao Phraya ambayo wenyeji hupanda kwenda kazini, shuleni na hospitalini. Rangi ya bendera iliyofungwa kwenye chombo ndiyo inayokupa habari zote: nauli ni kiasi gani na boti itasimama wapi. Ya kushika ni bendera ya chungwa. Inafanya kazi kutwa, siku zote za wiki, kutoka Wat Rajsingkorn (wat ni hekalu) kusini hadi Nonthaburi kaskazini, na nauli ni ileile hata ukishukia gati la pili. Njano na kijani ni za asubuhi na jioni za siku za kazi, na huruka magati mengi. Mgeni mwenye haraka akidandia mojawapo, huliona hekalu analolitaka likipita pembeni huku boti ikizidi kukata maji. Buluu ndiyo ya watalii. Ina nafasi ya kutosha, matangazo ya Kiingereza, na tiketi ya siku nzima ya baht 150. Kwa fedha hiyo unapanda ya chungwa mara tisa na chenji inabaki, na siku ya kupanda boti mara tisa ni siku ya mtu asiyeshuka kuangalia chochote. Tungeipendekeza buluu kwa familia yenye wazee au watoto wadogo tu. (Nauli zote hizi hupanda na kushuka pamoja na bei ya dizeli, kwa hiyo usigombane na kondakta kwa baht moja au mbili.)

Magati yana namba. N huongezeka ukielekea kaskazini, S ni kusini ya Sathorn. Shika namba kuliko jina, maana jina moja la Kithai huandikwa kwa herufi za Kilatini kwa namna mbili tatu tofauti. Boti haitii nanga wala haibembelezi abiria. Baharia wa tezi hupuliza filimbi kumwongoza nahodha, ambaye haoni nyuma, hupiga kamba mzunguko mmoja kwenye kigingi, na hapo una sekunde chache tu. Wanaoshuka hutangulia. Ukishaingia, sogea mbele. Kosa la wageni ni kuganda nyuma karibu na mlango, na huko ndiko watu wanakopita na ndiko watawa wanakotengewa nafasi. Mwanamke asikae ubavuni mwa mtawa, kwa kuwa mtawa haruhusiwi kugusana na mwanamke.

Sathorn kuna meza ya tiketi, magati mengine mengi unalipia ndani. Kondakta, mara nyingi mwanamama, huja akitikisa mkebe mrefu wa chuma wenye sarafu na tiketi. Ukisikia mlio huo, toa pesa. Noti ya baht 1,000 ivunje dukani kabla hujafika gatini.

Sasa mpangilio wa siku, na hapa ndipo boti inapoishinda teksi. Anza na gati la Tha Chang, N9, ufike Kasri Kuu saa 2:30 asubuhi linapofunguliwa. Kiingilio ni baht 500, ghali kwa viwango vya huko, na mwisho wa kuingia ni saa 9:30 alasiri. Kasri lilianzishwa mwaka 1782 na mfalme Rama I, aliyeuhamishia mji mkuu upande huu wa mto. Kitu ambacho Wathai wenyewe wanakijia ni Buddha wa Zumaridi, sanamu ya jiwe la kijani yenye kimo cha sentimita 66 hivi, iliyowekwa juu kiasi kwamba wengi hushangaa ilivyo ndogo. Mavazi yake ya dhahabu hubadilishwa mara tatu kwa mwaka, kwa majira ya joto, ya mvua na ya baridi, na mfalme ndiye anayebadilisha. Ndani ya ukumbi huo hupigi picha, viatu unaviacha nje, na ukikaa usinyooshe nyayo kuelekea sanamu.

Mlangoni hukagua mavazi bila huruma: kaptula, mabega wazi, suruali iliyochanika, vyote hurudishwa. Baibui na kanzu hazina neno. Mwanamke mwenye sketi fupi akiwa na kikoi kizito au kanga ya kujifunga kwenye mkoba huokoa fedha ya kununua suruali zenye picha za tembo zinazouzwa nje.

Onyo moja linastahili aya yake. Nje ya ukuta wa kasri kuna watu nadhifu, Kiingereza chao kizuri, watakaokuambia kasri limefungwa leo kwa ajili ya ibada, na kwamba bajaji ile pale itakuzungusha mahekalu matatu kwa baht 20. Mzunguko huo huishia duka la vito. Msomaji wa Arusha au Voi anayejua bei ya vito hahitaji maelezo zaidi. Nenda hadi langoni uone mwenyewe.

Kutoka kasri, Wat Pho ni mwendo wa dakika kumi na kitu kwa miguu kuelekea kusini, kiingilio baht 300. Buddha aliyelala ana urefu wa mita 46, na nyayo zake zimepambwa kwa lulumizi katika alama 108. Usitoke kabla hujazunguka mgongoni kwake: wageni wengi huishia miguuni, na upande wa nyuma ndiko kuliko na vyungu 108 vya shaba ambamo watu hutia sarafu moja moja. Mlio wake ukumbini humo ni wa kusikika, si wa kusimuliwa.

Ukitoka, vuka barabara hadi Tha Tien, N8. Kuna kivuko kidogo cha kwenda ng'ambo, Wat Arun, kwa sarafu chache, na mtu aliyezoea Likoni au Kigamboni atakicheka kwa udogo wake na kukisifu kwa wepesi wake. Mnara wa Wat Arun umefunikwa vipande vya kauri vya Kichina. Ngazi ni za wima. Kupanda si kazi, kazi ni kushuka, kwa hiyo acha ndala na ushike chuma. Jina lake ni Hekalu la Alfajiri, lakini liko ukingo wa magharibi, kwa hiyo jua huchwea nyuma yake. Picha nzuri hupigwa jioni, ukiwa umerudi upande wa Tha Tien.

Kwa chakula cha jioni, wengi hushukia Ratchawong, N5, kwenda Yaowarat, mtaa wa Wachina, ambako vibanda huchangamka giza likiingia. Ila nguruwe ni mwingi, na sufuria hazitenganishwi. Anayetaka halali ashukie Oriental, N1, kuna msikiti wa Haroon vichochoroni nyuma ya gati, au Phra Arthit, N13, ambako mgahawa mdogo wa Waislamu unaotazama ngome nyeupe ya Phra Sumen unauza roti na mataba, yaani ndugu wa mkate wa nyama wa kwetu.

Wafanyabiashara wanaokwenda Pratunam kuchukua nguo wana boti yao nyingine kabisa, ile ya mfereji wa Saen Saep, uliochimbwa kuanzia 1837 enzi za Rama III. Hiyo ndiyo dawa ya foleni ya barabara ya Petchburi. Inapita Bobae, soko la nguo za jumla, na Pratunam yenyewe, ambapo njia mbili zinakutana na unabadilisha chombo. Upandaji wake ni wa kuruka ukishika kamba, huku makondakta wenye kofia ngumu wakitembea ukingoni kama paka, na paa hushushwa kupita chini ya madaraja mafupi. Maji ni machafu na yananuka. Aliyekaa pembeni huvuta kamba ya turubai kuwakinga wenzake, na hiyo ni kazi, si hiari. Ukiwa na marobota, sahau, chukua gari. Msikiti wa Darul Aman uko Petchburi Soi 7, karibu na kituo cha Ratchathewi, na vibanda vya halali vimeuzunguka.

Kasoro za boti za mtoni ni tatu. Asubuhi na jioni za siku za kazi zinajaa hadi mlangoni. Mwenye kiti cha magurudumu hana namna, kwa sababu daraja la gati huinuka na kuinama maji yanapojaa na kupwa, na pengo kati ya gati na boti halitabiriki. Oktoba na Novemba mto ukifurika, baadhi ya magati hufungwa, na magugumaji yaleyale ya Ziwa Victoria hushuka kwa mafungu.

Iliyobaki ni saa. Boti za chungwa huanza kupungua jua likizama, na anayechelewa Wat Arun hukuta gati tupu. Akifikia hapo avuke hadi Tha Tien kabla kivuko nacho hakijafunga, atembee dakika chache hadi kituo cha treni ya chini cha Sanam Chai.