Safari ya boti Mto Pangani: huduma nzuri, maelezo yanayohitaji kukamilishwa

Jumamosi iliyopita tulipanda boti ya injini katika mji wa Pangani, karibu na kivuko cha kwenda Bweni, tukaufuata mto kuelekea juu na kurudi kwa muda wa saa mbili na nusu. Tulikuwa watano na kila mmoja alilipa shilingi 20,000, bei ambayo naiona ni ya haki, kwa kuwa ilijumuisha nahodha, mwongoza wageni na maboya ya kujiokolea yaliyo mazima. Tulichelewa kuondoka kwa dakika 40 na hakuna aliyetuomba radhi, hilo lirekebishwe.

Sehemu bora ya huduma hii ilikuwa pale mikoko inapoanza kupungua na minazi kushika kingo. Mwongoza wageni alisimamisha boti, akachota maji kwa kata, akasema, "Mzee, waeleze wageni hapa palikuwaje." Nahodha akatueleza kwamba utotoni mwake walichota hapo maji ya kupikia, hata wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Tuliyaonja, nayo yalikuwa na chumvi. Nguvu ya mto ikipungua, bahari husukuma chumvi yake ndani zaidi, na kambale na perege huwaachia nafasi samaki wanaostahimili chumvi, kama mkizi. Sijapata kuona jambo la kitaalamu likifundishwa vizuri hivyo kwa kata moja ya maji.

Baada ya hapo, hata hivyo, mwongoza wageni alilaumu mitambo ya umeme wa maji iliyo huko juu ya mto kwa kila kitu, na hapo sikuridhika. Mto huu una vituo vitatu vinavyofuatana: Nyumba ya Mungu chenye megawati 8, Hale cha mwaka 1964 chenye megawati 21, na New Pangani Falls cha mwaka 1995 chenye megawati 68. Mtambo wa umeme wa maji hauyanywi maji. Huyazungushia mashine na kuyarudisha mtoni, ndiyo maana maji yale yale yaliyopita Hale hutumika tena huko chini. Wanaoyachukua yasirudi ni wakulima wa umwagiliaji na miji ya juu, na jua linalokausha bwawa. Mgeni anayeondoka bila kuambiwa hayo ameondoka na nusu ya habari.

Madhara ya mitambo yenyewe yapo, na ni ya namna nyingine ambayo haikutajwa kabisa. Mkunga wa mtoni, samaki mwenye umbo la nyoka, huzaliwa baharini, watoto wake wakapanda mto wakiwa wembamba kama uzi, wakakulia huko kwa miaka mingi, kisha wakarudi baharini kuzaa. Ukuta wa bwawa huwazuia wanaopanda, na wanaoshuka hukutana na mapanga ya mashine, ambayo kwa samaki mrefu kama huyu ni hatari kuliko kwa samaki mfupi. Pale New Pangani Falls maji hupitishwa kwenye handaki, na kipande cha mto kilichorukwa hubaki na maji machache. Tena mitambo inapofunguliwa zaidi wakati umeme unahitajika sana na kupunguzwa baadaye, kina cha maji hupanda na kushuka ndani ya siku moja, ilhali perege dume huchimba kiota chake kwenye maji ya kina kifupi ukingoni. Maji yakishuka ghafla, kiota hubaki kikavu. Bwawa pia hukamata tope ambalo lingeshuka kulisha mikoko, na mikoko hiyo ndiyo makulio ya kamba wanaouzwa sokoni Pangani.

Nilimweleza kijana yule haya tulipokuwa tukirudi, naye alinisikiliza kwa adabu, akaandika kwenye daftari lake. Hilo lilinifurahisha kuliko mamba wawili tuliowaona.

Ninawashauri wanaokwenda wachague siku ya bamvua na waondoke maji yanapojaa, kwa sababu maji mafu, siku ambazo bahari hujaa kidogo, hayaonyeshi vizuri chumvi inavyopanda. Mwombeni nahodha asimame mara mbili, karibu na mlango wa mto na tena huko juu, ili muonje tofauti wenyewe. Mimi nitarudi baada ya masika, mto ukiwa umejaa, kuona chumvi imerudishwa umbali gani.