Apareyi ya masikio Lubumbashi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Papa alifanya kazi miaka mingi kwenye tanuri za shaba. Leo ukimwambia "fika" anasikia "pika", ukisema "saa" anatazama taa. Sauti inamfikia, kinachompotea ni zile herufi nyembamba, s na f na t, kwa sababu kelele ya mitambo huanza kuharibu usikivu kwenye sauti za juu, hasa karibu na hezi 4000. Kwa hiyo kumpigia kelele mezani, bukari ikipoa, hakumsaidii kitu. Anaambulia a na i kubwa zaidi.

Kabla ya apareyi yoyote, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, lipia kipimo. Daktari wa ORL, yule wa masikio, pua na koo, atazame ndani kwanza: huenda ni nta tu imeziba, au kuna usaha unaotaka dawa. Kisha apimwe, mtoke na karatasi yenye mistari miwili, sikio la kulia kwa rangi nyekundu, la kushoto kwa bluu. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, anayesikia hata sauti ndogo ya chini ya desibeli 20 (desibeli hupima ukubwa wa sauti) hana tatizo. Sauti ikibidi ifike kati ya 35 na 50 ndipo aisikie, upungufu ni wa kati. Kuanzia 65 ni mkali. Muuzaji asiyeuliza karatasi hiyo, muage.

Namba moja kwangu ni ya nyuma ya sikio, yenye betri namba 13 na kizibo kilichotengenezwa kwa umbo la sikio lake mwenyewe. Ina nguvu ya kutosha kwa upungufu wa kati hata mkali, na nta haifikii mtambo wake. Kampira kake, kale kamrija kanakopeleka sauti kwenye kizibo, kakikauka unabadilisha kampira tu. Pesa ya kizibo usiibane: kikilegea, sauti inavuja na kurudi kwenye maikrofoni, apareyi inapiga mbinja kanisani watu wote wageuke. Betri 13 ina kibandiko cha rangi ya machungwa, hukaa wiki moja mpaka mbili, na vidole vinene vya mzee vinaishika. Ukibandua kibandiko, subiri dakika moja hewa iingie ndipo uifunge. Ikishabanduliwa inaisha hata isipotumiwa, basi usibandue ya akiba.

Namba mbili ni ile ya waya mwembamba, ambayo spika yake inaingia ndani ya sikio. Kwa mtu kama Papa, anayesikia bado ngoma na sauti nzito, hii inasikika safi kuliko ya kwanza. Nimeishusha kwa ajili ya nta: inaziba spika, na vichujio lazima uwe navyo nyumbani.

Namba tatu, ya kuchaji. Kwenye mtaa ambako umeme unaondoka jioni na kurudi ukipenda, asubuhi mzee anaamka bila masikio. Mwenye sola na betri nzuri aipandishe hadi ya kwanza, simpingi.

Namba nne ni ile ndogo inayozama sikioni. Watu wanaichagua kwa aibu. Inatumia betri namba 10, ndogo kama punje ya dengu, nguvu yake ni haba, na ikianguka kwenye mchanga wa uani mnatafuta familia nzima.

Ya mwisho ni kikuza sauti kinachouzwa bila kipimo. Nilianza nacho, nakiri. Kilikuza sahani, pikipiki na kwaya kwa kiasi kimoja. Papa alikitoa katikati ya misa akakiweka mfukoni. Vingine havina kizuizi cha sauti kali, na hiyo inaweza kuharibu usikivu uliobaki.

Za okazyo, zilizokwisha kutumiwa na wengine, kutoka Ulaya zinafaa ikiwa tu fundi ana programu ya kuzipangia upya kwa karatasi yako, na kizibo kiwe kipya. Pesa ikitosha moja nzuri au mbili mbovu, chukua moja nzuri; ya pili itafuata, maana kwa masikio mawili mtu anajua sauti inatoka upande gani. Mtoto ni habari nyingine: sikio linakua, kizibo kinabadilishwa kila baada ya miezi michache, basi ulizia bei yake mapema.

Usiku fungua kijumba cha betri, uweke apareyi kwenye kopo lenye vipakiti vya kukausha unyevu, hasa miezi ya mvua. Kiangazi, vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu. Maji hapana.

Siku ya kwanza Papa aliuliza ni nini kinachakacha hivyo. Lilikuwa shati lake. Masikio huchukua wiki kadhaa kuzoea, kwa hiyo patana na fundi tangu mwanzo kwamba mtarudi kupanga sauti upya bila malipo, na uandike kwenye daftari kila kinachomkera.