Dawa ya kutoa madoa ya maji kwenye kromu ya pikipiki: ununue ipi, uache ipi

Jamani nimeuziwa dawa mbovu na chupa bado iko nusu, ndo maana naandika. Chupa kubwa, mbele ina picha ya pikipiki inawaka, na muuzaji ananiambia "dada hii inatoa kila kitu". Nikapaka madigadi ya nyuma na ekzosi, nikafuta, kweli ikang'aa, yale maduara meupe yote hayaonekani nikafurahi sana. Nikaja kuosha pikipiki mara moja tu na sabuni ya kawaida, ilipokauka madoa yakawa yamerudi palepale, na kuna moja lina umbo la kwato karibu na nati ya taa ya nyuma, hilo ndo lilinijulisha kwamba siyo doa jipya, ni lilelile.

Yaani halikuwahi kutoka, lilifunikwa.

Doa la maji ni chokaa. Maji yana madini, hasa kalsiamu na magnesiamu, yakikauka juu ya kromu maji yanapotea ila madini yanabaki yameganda, na kwenye ekzosi yenye moto yanaganda haraka zaidi. Sasa dawa nyingi zinazouzwa kama za kromu zimejaa silikoni na waksi tu. Zinapita juu ya ile chokaa zinaisawazisha, mwanga unateleza vizuri, unaona pasafi, halafu sabuni ikibeba yale mafuta chokaa yako unaikuta ilivyokuwa.

Kwahiyo mi siku hizi sihangaiki na harufu wala ukubwa wa chupa wala inang'arisha kwa dakika ngapi. Naangalia kitu kimoja, doa limetoka au limejificha. Kujua ni rahisi: ukishang'arisha, lowesha pamba na spiriti, futa sehemu ndogo kama ya kidole gumba, iache ikauke, halafu laza tochi ya simu karibu kabisa na kromu uchungulie kwa ubavu. Ukichungulia kutoka juu hutaona kitu. Kwa ubavu kama doa lipo utaona ukingo wake, kaduara kembamba kama alama ya kikombe mezani. Nimejaribu hivi kwa kila dawa niliyo nayo na orodha yangu imetokana na hapo.

Ya kwanza ni Autosol, ile ya Mjerumani ya kwenye tyubu kama dawa ya meno. Naipendelea na sifichi. Ni krimu yenye chenga laini sana zinazosugua kweli, tambara linatoka jeusi, na spiriti ikipita doa halirudi. Lile la kwato liliondoka kwa raundi mbili. Tyubu ya mililita 75 unaiona ndogo lakini unatumia kiasi cha punje ya harage kwa madigadi nzima, mimi yangu imekaa sana. Kasoro yake ni moja, ukiiacha ikauke kwenye vichwa vya bolti na kwenye spoku inabaki unga mweupe, kwahiyo uwe na mswaki wa zamani pembeni. Paka chuma kikiwa cha baridi, na usisugue kama unaosha sufuria maana kromu yenyewe ni nyembamba mno, kwa kawaida haifiki hata maikroni 1 (yaani sehemu moja ya elfu ya milimita), na chini yake ni nikeli. Ukiimaliza umeimaliza, hakuna polishi ya kuirudisha.

Ya pili, Mothers Chrome Polish, ya maji maji. Nayo inatoa ila kwa doa la muda mrefu utarudia rudia mpaka mkono uchoke. Angalia usije ukapewa ile ya Mothers iliyoandikwa Mag & Aluminum, ile ni ya alumini, na wauzaji wanazichanganya kila siku.

Ya tatu Brasso. Imetengenezwa kwa ajili ya shaba, watu wanatumia kwa kromu na inafanya kazi, basi.

Za bei rahisi: siki nyeupe nusu kwa nusu na maji, bana na kitambaa dakika chache, suuza vizuri. Inayeyusha chokaa kweli. Foili ya alumini iliyoloweshwa inafaa kwa vidoa vya kutu maana alumini ni laini kuliko kromu. Stilwaya ya kuoshea sufuria hapana, utachora mistari ambayo utaiona kila jua likiwaka.

Na dawa ya choo tafadhali msiguse. Zile zenye asidi ya haidrokloriki zinakula kromu yenyewe, siyo chokaa peke yake. Kuna watu wanashauri hivyo na wanaharibu vyombo vya watu.

Kabla hujanunua chochote gonga kwa ukucha. Kava nyingi za siku hizi ni plastiki iliyopakwa rangi ya kromu na juu ina vanishi, hiyo hata Autosol usiipeleke, itafifia. Sabuni na kitambaa laini inatosha.

Kinachoniuma ni hawa wauzaji. Unageuza chupa unatafuta imetengenezwa na nini, hamna, imeandikwa "fomula maalumu" na picha tena ya pikipiki. Ukiuliza ina waksi au ina chenga za kusugua wanakuambia "hii ndo inatoka sana". Mi sijauliza inayotoka sana! Na tyubu ndogo inayofanya kazi wanaificha nyuma ya chupa kubwa za kumeremeta kwasababu faida yao iko kwenye zile kubwa. Ukiomba ujaribu kwenye bolti moja ya pikipiki yako iliyopaki hapo nje, wanakasirika.

Nyingine, ukitaka maji ya kusuuzia mwisho yasiyoacha doa omba maji ya betri yaliyotoneshwa (distilled), yale ya kuongezea, na usome lebo vizuri kabla hujamwaga, maana wapo wanaoita asidi ya betri kwa jina hilohilo.