Kuchapisha bango la siku ya utafiti mjini Mombasa: duka la ghorofani, nyota nne

Nianze na jibu maana najua kuna mwenye presentesheni wiki hii na hana muda wa hadithi: nendeni, kazi yao safi, bei poa, ila wakikwambia saa nne wewe weka akilini saa kumi.

Duka lenyewe liko upande wa Mwembe Tayari, ghorofa ya kwanza, chini kuna maduka ya simu. Jina silitaji maana kuna mahali huko mbele nitawasema. Si duka la wasomi hata kidogo, ukipanda ngazi unapokewa na harufu ya wino mpaka macho yanawasha, ukutani kuna mabango ya maulidi, harusi, hitima, na mgombea mmoja wa udiwani ambaye nafikiri hakulipa maana bango lake bado liko pale na uchaguzi ulishapita kitambo. Mimi nilikuwa na bango la saizi ya A0, la mikoko ya Tudor Creek, ule mkono wa bahari hapa Mombasa, kwa siku ya utafiti ya chuo, na nilikimbilia huko kwa sababu wale wa karibu na chuo wiki kama hiyo wanajua tumebanwa na bei inapanda kama nauli ya matatu mvua ikianza kunyesha.

Hapa wanahesabu kwa mita mraba, na hili lijueni kabla hamjapanda ngazi. A0 ni sentimita 84.1 kwa 118.9, zidisha mwenyewe utapata mita mraba moja. Kwahivo mtu akikupigia hesabu ya mita mbili ati roli ni pana, muulize kile kipande kinachobaki unakwenda nacho wewe ama anachapia mwengine. Mimi niliuliza hivo hivo, dada wa kaunta akacheka, akanitoza 900 na matundu ya kupitishia kamba wakanitobolea bure.

Lakini sababu ya hizi nyota ni fundi wa mashine. Mtu mzima, miwani imefungwa uzi, haongei sana. Nilimpa flashi yenye faili mbili, PDF na ile ya PowerPoint, hii ya PowerPoint hata hakuifungua, akaniambia mwanangu herufi ulizotumia kwako mimi sina, kompyuta itaweka za kwake na mistari yako yote itahama, tushike hii PDF. Akaikuza mpaka asilimia mia, ukubwa wenyewe litakavyotoka, akaanza kulipitia kona hadi kona polepole kama vile hakuna mtu mwengine anangoja (na tulikuwa foleni kweli). Alipofika kwenye logo ya chuo akasimama. Imekuwa viboksi viboksi. "Hii ilikuja kwa WhatsApp hii," na ni kweli, ndo ile inayozungushwa kwa magrupu ya darasa na kila mtu anaibandika hivo hivo. WhatsApp ukituma kama picha inaibana, inabaki nyepesi, kwa simu huoni tofauti lakini kwa bango la zaidi ya mita moja kila mtu anaona. Akanambia niombe nitumiwe kama dokyumenti. Nikapiga simu mbili, ikaja, akaiweka, ikakaa.

Halafu rangi. Sasa hapa kuna kitu dukani kwengine hakuna mtu alishawahi kunieleza. Kompyuta inatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu, mashine nayo inachanganya wino, na kuna kijani kinachowaka kwenye skrini ambacho wino haukipati hata ufanyeje. Na bango la mikoko ni kijani tupu! Fundi akachukua kimabaki cha roli, akachapa kipande cha upana wa kiganja tu, majani ya mchu (aina moja ya mkoko) peke yake. Yakatoka yamechoka, yanakaribia kahawia. Akarekebisha, akachapa kipande cha pili, tukatoka nacho mpaka kwenye baraza tukakitazama kwa mwanga wa jua si wa taa, akasema haya sasa. Hakunitoza shilingi kwa hivo vipande. Na wakati tunangoja akalisoma bango zima kimya kimya, kisha akaniuliza mkandaa, aina nyengine ya mkoko, nimeuweka wapi, kwao Lamu boriti zote za nyumba ya babu yake ni mkandaa. Nikamuonyesha. Nimepita kwa majaji ambao hawakusoma hata hapo alipofika yeye.

Haya, kuwasema. Niliambiwa kesho saa nne asubuhi. Saa nne nikafika, bado. Saa sita, stima imepotea. Imerudi saa nane, wakatanguliza mabango ya harusi, ati bwana harusi yuko njiani kutoka Malindi. Sasa mimi nisiyeoa ndo ningoje? Nilikaa kwa lile benchi la mbao mpaka baada ya alasiri, simu imekufa chaji, na hakuna mtu aliyeniambia pole mpaka fundi mwenyewe alipotoka. Si kwamba hawawezi kazi, wanachukua kazi nyingi na jenereta hawana na mdomoni kila kitu ni "hiyo ni ya dakika mbili". Ukiwa na siku moja tu ya nafasi usijaribu. Ijumaa nayo wanafunga mchana kwa swala, hilo si kosa lao, ni wewe ujipange.

Kuhusu kitu chenyewe nilichonunua. Nilichagua flex, ile plastiki ya mabango ya barabarani, watu wakanicheka ati nimeleta bango la siasa ukumbini. Tukaonana siku yenyewe. Ukumbi wetu hauna AC, madirisha wazi, feni juu, na fukuto la Mombasa mnalijua, karatasi za glosi zilianza kujikunja kona hata kabla mgeni rasmi hajafika, selotepu inabanduka, jirani yangu kazi yake ilikuwa kushika kona moja kwa mkono huku anaeleza matokeo kwa mkono mwengine. Langu lilifungwa kwa kamba kwenye yale matundu likanyooka mpaka jioni.

Na chapa ilionekana. Nilikuwa na picha moja ya jani la mchu kwa karibu, mchu hutoa chumvi kupitia majani na ikikauka inabaki chembe nyeupe juu. Wale watoto wa sekondari walioletwa kutembea, mmoja akapitisha kidole juu ya bango akakiangalia, kisha akakilamba, wenzake wakaangua kicheko. Basi grupu lote likabaki pale, wakauliza mbona mizizi yake imesimama juu kama misumari, nikawaeleza tope halina hewa na mizizi inapumulia huko juu, tukaenda mpaka aina tisa za mikoko zilizoko Kenya na biashara ya hewa ukaa ya Mikoko Pamoja, ule mradi wa wanakijiji wa kulinda mikoko kule Gazi. Majaji walikuja wawili, wakauliza ukubwa wa sampuli, wakaandika, wakaondoka.

Ubaya wa flex uko. Ni nzito, na usiikunje kama shuka, alama za mikunjo hazitoki, lazima uiviringishe, na kwenye matatu ya jioni ile bomba itagonga kichwa cha mtu na utatukanwa. Anayesafiri kwenda kupresenti Nairobi kwa treni ama kwa ndege angetaka bango la kitambaa, linakunjwa linaingia begini, ila hawa kitambaa hawafanyi, niliuliza. Pia flex inang'aa kidogo ikipigwa na taa ya juu, kwahivo waambie wazi unataka ile isiyong'aa, wanayo, lakini wasipoulizwa hawasemi.

Nyota nne. Fundi peke yake ningempa tano. Mkienda, nendeni Jumatatu au Jumanne asubuhi, kuanzia Alhamisi mashine ni ya maharusi, na lipeni nusu tu kwanza, nusu baada ya kulifungua bango lote pale juu ya meza na kulitazama.